Bastola Ndogo ya Kale: Kuinunua na Kuifyatua Bila Kuiharibu

Colt Vest Pocket ya 1908, FN ya 6.35 mm iliyoitangulia kidogo, na Colt Pocket Hammerless ya 1903 zote zilibuniwa na John Browning, na bado zinapatikana kwa wingi. Hakikisha kwanza leseni yako inaruhusu silaha ya aina hiyo, kisha ndiyo uanze kuitazama.

Kabla ya yote toa magazini, vuta slaidi (kifuniko cha juu kinachoteleza) nyuma, utazame chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, kwa macho na kuigusa kwa kidole. Magazini ikitoka, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani.

Bei inabebwa na rangi asilia ya chuma. Bastola iliyopakwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata iking'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Itambue kwa kingo zilizolainika, herufi zilizofifia, matundu ya skrubu yaliyobonyea pembeni, na vishimo vya kutu vilivyofunikwa na rangi. Rangi iliyochakaa kwa haki huonekana kwenye kona na mdomo wa mtutu, mahali palipokuwa pakisuguana na mfuko. Bastola nyingi za Ulaya zina namba kwenye fremu, slaidi na mtutu. Zisipolingana, punguza bei. Magazini asilia pia ni pesa, kwa hiyo usiikubali isiyo yake bila kulijua hilo.

Usisahau kusoma kipimo cha risasi kilichochongwa kwenye slaidi. 7.65 mm Browning ndiyo .32 ACP, wala si 7.65 Parabellum. 9 mm fupi ndiyo .380, wala si 9 mm Parabellum. Hapa ndipo watu huharibu bastola, na mikono yao pia.

Jaribu kifyatulio ukiwa na risasi bandia kwenye chemba, kwa sababu pini za zamani, zile zinazopiga risasi, huvunjika zikipiga hewa. Vuta slaidi, weka kizuizi cha usalama, bonyeza kifyatulio kwa nguvu, achia, kisha ondoa kizuizi. Pini, au nyundo iliyofichwa ndani ya Colt ya 1903, ikijifyatua yenyewe, achana na bastola hiyo hadi fundi wa silaha aione. Jaribu pia kibonyezo cha usalama kilicho nyuma ya mpini: usipokishika, kifyatulio kisifanye kazi.

Sasa springi. Bastola hizi hazina kufuli la mtutu. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi tu. Springi iliyochoka huiacha slaidi igonge fremu kwa nguvu, na baada ya muda ufa hujitokeza. Badilisha springi ya slaidi na ya pini kabla ya risasi ya kwanza, na uzihifadhi za asili ndani ya mfuko wenye jina la bastola. Kuifungua Colt ya 1903, vuta slaidi hadi alama yake ilingane na ukingo wa mbele wa fremu, zungusha mtutu utoke kwenye meno yake, kisha itelezeshe slaidi mbele taratibu, kwa kuwa springi inasukuma. Vibao vya mpini vya mpira mgumu usivibandue kwa bisibisi. Vikishazeeka hupasuka kama biskuti.

Tumia risasi mpya za nguvu ya kawaida, zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba. Kwa .32 ACP hili lina sababu ya pili. Ganda lake lina ukingo mdogo unaojitokeza, na risasi fupi zenye kichwa kilichotobolewa huteleza ndani ya magazini hadi ukingo wa ile ya juu ukae nyuma ya ule wa chini. Hapo magazini hukwama, na kuvuta slaidi hakusaidii. Unapopakia, hakikisha ukingo wa kila risasi uko mbele ya ule wa chini yake.

Risasi za kabla ya Vita Kuu ya Pili ziache kwenye sanduku lake. Fataki zake, viwashio vilivyo kwenye kitako cha ganda, huacha chumvi inayovuta unyevu, nayo haiondolewi na mafuta peke yake; inahitaji maji ya moto, kisha kukausha na kupaka mafuta.

Siku ya kwanza, vaa miwani na vizuia sauti vya masikioni, weka shabaha mita tano, upakie risasi moja tu. Kisha mbili. Zikitoka mbili kwa mbonyezo mmoja, simama hapo hapo: ndoano inayoizuia pini au nyundo imelika. Okota maganda uyachunguze. Alama hafifu kwenye fataki ni springi dhaifu ya pini au ya nyundo, na fataki iliyotoboka ni sababu ya kusitisha. Shika mpini chini kidogo kuliko ulivyozoea, maana slaidi hurudi karibu sana na ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Vilengeo vyake ni kama punje za mchele, hivyo usitarajie makundi ya matundu ya kujivunia.