Kurusha mchezo wa nyimbo mubashara: maelekezo ya mtu wa kuhesabu

Kazi yangu ndani ya gari la matangazo ni kuhesabu. Nakaa kushoto kwa mwongozaji wa picha, noti za wimbo zimetandazwa mbele yangu, kidole kinafuata mstari, nami nasema kwenye maiki inayoingia masikioni mwa wapiga picha wote: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne. Namba ya kwanza ni kipimo tulichofika, yaani kifungu kidogo cha wimbo, zinazofuata ni mapigo yake. Dereva wa gari aliniuliza siku moja kama huwa naomba dua. Nikamwambia karibu na hapo.

Nilijifunza kwenye taarabu, kumbi za Dar es Salaam, ambako adui mkubwa wa kamera ni shangazi anayekwenda kumtunza mwimbaji. Anasimama katikati ya lenzi na noti yake ya elfu kumi, anacheza, hana haraka. Lakini ukiujua wimbo, unajua atainuka wapi: penye kijembe. Kamera ya pili inakuwa tayari kabla hajasogeza kiti. Ile michezo ya nyimbo ya jukwaani, maigizo ambayo wahusika huimba na kucheza, ya Broadway (mtaa wa kumbi za maigizo New York) na London, ni kazi hiyohiyo, ila wanaoinuka ni watu thelathini kwa pamoja na kitanda kinaondoka na magurudumu.

Vijana wa vikundi vya sanaa huniuliza waanzie wapi. Anzeni na ruhusa, kabla hamjatafuta hata nguo. Leseni ya kuigiza ukumbini na leseni ya kurusha hewani ni vitu viwili tofauti. Kampuni kama Music Theatre International ya New York, inayokodisha maandishi na noti za michezo hii, ikikupa kibali cha jukwaa haijakupa cha kurekodi wala kurusha. Uombe kwa maandishi, usubiri jibu kwa maandishi. Nimeona kituo kikitangaza onyesho wiki mbili nzima, kisha tangazo likatoweka kimyakimya. Hela ya mabango ikaenda na maji.

Halafu mkubali kwamba mnahitaji waongozaji wawili. Aliyezoea jukwaa anamtazama mwigizaji kwa jicho la mtu aliyekaa safu ya kumi. Wa runinga anaangalia visanduku vinane vya picha na kuamua kimoja. Kichwa kimoja hakibebi yote mawili usiku mmoja. Kituo cha runinga cha Marekani, Fox, walipoandaa mchezo wa Grease: Live, iliyorushwa Jumapili ya tarehe 31 Januari 2016 kutoka studio za Warner Bros. huko Burbank, Thomas Kail alishika waigizaji na Alex Rudzinski akashika kamera. Wawili hao wakae pamoja tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Wa runinga akiletwa wiki ya mwisho, atakuta ngoma nzuri kuliko zote imepangwa ikielekea ukuta usio na kamera.

Sasa nifike kwangu, nitakaa hapa kidogo. Karatasi ya picha iandikwe kwa vipimo vya wimbo. Kamwe usiiandike kwa dakika na sekunde. Tuchukue wimbo wa vipimo 32, umbo ambalo nyimbo nyingi za zamani za Broadway zimejengwa nalo: vipande vinne vya vipimo vinane vinane, cha tatu kikienda njia yake. Binti yuko chumbani peke yake, mchumba ameondoka. Karatasi yangu inasomeka hivi:

Kipimo 1–8: kamera 2, picha pana, binti kitandani.
Kipimo 9–16: kamera 1, kifuani kwenda juu, inasogea taratibu, isimame kipimo cha 15.
Kipimo 17–24: kamera 4 ya kuvaliwa (imefungwa mwilini mwa mpiga picha), binti anainuka, wanaizunguka meza pamoja.
Kipimo 25, pigo la kwanza: kamera 1, uso. Usikate tena.

Hilo la "usikate tena", yaani usihamie kamera nyingine, nimelipigia mistari miwili, kwa sababu namjua mwongozaji wangu, mkono wake unawasha akiona uso mmoja kwa zaidi ya sekunde kumi. Wimbo ukienda mapigo 80 kwa dakika, kila kipimo cha mapigo manne ni sekunde tatu, na vipimo vinane ni sekunde 24. Kamera 4 ina sekunde hizo kuizunguka meza, kisha ina nyingine 24 za kurudi nyuma ya pazia na mshika waya wake kabla picha pana haijafunguliwa na kumkuta mpiga picha katikati ya chumba cha kulala cha binti, amevaa kaptula. Limetokea. Watu walidhani ndiye mchumba.

Lakini binti huyo siku ya onyesho atalia kweli. Atauvuta mstari wa mwisho wa kipande cha tatu, kondakta anayeongoza bendi atamfuata, na zile sekunde 24 zitakuwa 29. Aliyepanga kwa saa atakata picha katikati ya neno. Mimi nahesabu namsikiliza, naye akipunguza mwendo na mimi napunguza: ishirini na tatu… mbili… tatu… nne. "Stendibai moja," yaani kamera 1 ijiandae. Binti anavuta pumzi. "Teki," yaani hamia kwake. Kata penye pumzi, kabla mdomo haujafunguka kwa mstari mpya. Mtazamaji haoni kwamba picha imebadilika, anahisi tu kwamba amesogea karibu.

Kwenye dansi kanuni inageuka: kata juu ya pigo lenyewe, na miguu ionekane. Uso wa mchezaji aliyepaa bila miguu yake hauna kazi yoyote.

Fundi wa sauti atakuja na madai yake, mpe yote. Mhusika mkuu avae maiki mbili, zimefichwa penye mstari wa nywele, kila moja na kiboksi chake cha kurushia sauti. Ya kwanza ikizama kwenye jasho, ya pili inafunguliwa bila mtu kujua. Betri ni mpya kila onyesho. Sitaki kusikia "bado ina nusu". Kofia ijaribiwe mapema pamoja na maiki, maana ukingo wa kofia hurudisha sauti na mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya mtungi. Kama bendi iko mbali na jukwaa, fanyeni hesabu nyingine: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwimbaji aliye mita 34 kutoka kwenye ngoma anazisikia zimechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni sehemu ya tano ya pigo, inatosha kuvuruga kwaya nzima. Mwekeeni spika ndogo karibu naye. Na skrini inayomwonyesha kondakta ipate picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera yake, isipitie mitambo ya kuchanganyia, kwa kuwa kila mtambo unakula sehemu yake ya muda.

Kuitenga bendi si aibu, na ni jambo la kale. Tarehe 31 Machi 1957 kituo cha Marekani cha CBS walirusha mubashara Cinderella ya watunzi Rodgers na Hammerstein, iliyoandikwa mahsusi kwa runinga, mwigizaji mkuu Julie Andrews akiwa na miaka 21. Studio ya New York ilikuwa finyu, kamera za rangi zilikuwa nne na kila moja kubwa kama kabati, na wanamuziki wakabanwa kwenye chumba kidogo cha peke yao. Kituo kilikadiria watazamaji zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo anayeniambia hawezi kwa kuwa ana kamera nne tu, huwa simwonei huruma sana.

Mazoezi yaende kwa hatua. Kwanza waigizaji peke yao, sakafuni mmebandika utepe kuonyesha kuta na milango. Utepe wa rangi nyingine ni njia za kamera. Mwigizaji ajifunze kutokanyaga hapo kama anavyojifunza kutokanyaga mkeka wa mtu anayeswali. Kisha kamera ziingie bila nguo wala taa, wimbo mmoja mmoja, tukisimama kila tunapokosea. Hapo ndipo ninafuta na kuandika upya, karatasi inatoboka. Pia ndipo waigizaji wa jukwaani wanapofundishwa kupunguza: sauti ibaki kubwa, lakini nyusi zitulie, maana kamera iko mita mbili. Na vipodozi vya jukwaani vilivyokusudiwa safu ya mwisho, kwa karibu vinafanana na kinyago.

Zoezi la mwisho liwe kamili, na nguo, na watazamaji, na mrekodi lote kwa ubora uleule wa kurushia. Hili nalisema nikiwa nimesimama. Tarehe 26 Januari 2019, kwenye zoezi la mwisho la mchezo wa Rent: Live, Brennin Hunt, mmoja wa waigizaji wakuu, alivunjika mguu, na hapakuwa na wa kumbadili. Kesho yake Fox walirusha sehemu kubwa kutoka kwenye kile kilichorekodiwa usiku wa ajali, kisha kipande cha mwisho kikaenda mubashara, Hunt ameketi, mguu umefungwa. Walilaumiwa kwamba si mubashara. Bila ile rekodi wangekuwa na nini? Ningeongeza tu kwamba muwe na mbadala aliyejifunza nafasi hiyo, gharama ni ndogo.

Watazamaji ndani au hapana? Mimi ni wa ndiyo. NBC waliporusha The Sound of Music Live! tarehe 5 Desemba 2013 kutoka studio ya Bethpage, jimbo la New York, hapakuwa na watu wa kupiga makofi. Waliotazama walizidi milioni 18, hiyo ni heshima, lakini kila wimbo uliisha ndani ya kimya, na kimya baada ya noti kubwa kinamwonea mwimbaji. Wale wa Grease: Live kule Burbank waliwaweka watazamaji ndani ya mandhari yenyewe, wakawa kama wanafunzi wa shule iliyo kwenye hadithi. Mkiwa na watu, andikeni makofi kwenye noti: vipimo vinne vya akiba, kondakta asiingie hadi yapungue.

Kama fedha ni kidogo, chukueni njia ya Jesus Christ Superstar ya tarehe 1 Aprili 2018, Jumapili ya Pasaka, ndani ya ghala la zamani la kijeshi huko Brooklyn. Waliufanya kama tamasha: jukwaa moja, bendi inaonekana, hakuna nyumba ya kujenga wala kubomoa. Ni mchezo wa nyimbo mwanzo hadi mwisho, unaruhusu hivyo. Msijaribu kwa mchezo wenye ngazi, milango na watoto saba.

Mvua. Siku ya Grease: Live ilinyesha Burbank, na wimbo wa kufungua ulipangwa kupita nje. Wakatoa miamvuli, wakaendelea. Mwe na uamuzi wa mvua ulioandikwa siku tatu kabla, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuutamka.

Saa ina mahali pake pamoja tu: mapumziko ya matangazo ya biashara. Hapo ndipo nguo zinabadilishwa, na mbadilishaji afanye mazoezi na saa ya kusimamisha mkononi, vifungo vimegeuzwa kuwa zipu au vya kunata. Dakika tatu ni nyingi kwa gauni, ni chache kwa gauni, wigi na maiki mbili. Aliyeko kituoni, anayebonyeza tangazo, naye apewe hesabu yangu sikioni, asitegemee ratiba yake. Mara yangu ya kwanza na mchezo wa aina hii, wa wanafunzi, kamera nne, mtu wa kituoni hakupewa. Mwimbaji alivuta, mimi nikavuta, naye kule mbali akaona sekunde zimefika: tangazo la sabuni likaingia vipimo vinne kabla ya noti ya mwisho. Ukumbini walisimama kupiga makofi. Nyumbani waliona povu. Mama wa yule binti alinipigia simu kesho yake, sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo nadai kitu kingine kwa kondakta: vipande vya kuzungusha, vipimo viwili au vinne vinavyoweza kurudiwa mpaka niseme basi. Viwekwe kila penye nguo ngumu, na kimoja mwishoni, wakati wa kuinama na majina kupanda. Onyesho la karibuni tulifika mwisho mapema, zimebaki sekunde arobaini za kujaza. Nikainua kidole kimoja juu kukizungusha, bendi ikazunguka. Waigizaji wakainama tena. Mara ya saba mpiga ngoma akaitazama kamera yake moja kwa moja na kunipungia kijiti, kuuliza kama nimelala.