Somo: Dawa za dharura pale maumivu ya neva ya uso yanapomzidi mgonjwa

Somo hili ninawaandikia wanachama wa kikundi chetu wenye maumivu ya neva ya tano ya kichwa, ile inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo, pamoja na ndugu wanaowauguza. Mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaoikandamiza neva hiyo karibu na shina la ubongo. Maumivu hupiga upande mmoja kama shoti ya umeme, kwa sekunde chache hadi dakika mbili, na huamshwa na jambo dogo kama kunawa uso, kupiga mswaki au kutafuna. Kuna nyakati shoti hizo hufuatana kutwa nzima, na hapo ndipo dharura ilipo. Mama mmoja niliyempokea nikiwa zamu ya usiku alikuwa ameshika kanga mbele ya shavu bila kuligusa, mate yakimchuruzika kwa kuogopa kumeza, na kila nilichomwuliza alinijibu kwa kuandika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Hakuwa amekula kwa siku mbili. Vidonge vyake vilikuwa mkobani, havijaguswa.

Hatua ya kwanza ni kuondoka nyumbani mapema. Mgonjwa akishindwa kunywa maji na kumeza dawa zake, mpelekeni kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, mkiwa na dawa zote anazotumia. Msipoteze saa kwa parasetamoli na diklofenaki, kwa maana maumivu haya hayazisikii. Hata dawa za jamii ya morfini husaidia kidogo mno.

Hatua ya pili ni ya daktari, naye atatafuta dalili za ugonjwa mwingine: ganzi isiyoondoka, homa, uvimbe, au malengelenge ya mkanda wa jeshi. Wakati huohuo mgonjwa huwekewa dripu, kwa sababu wengi hufika wakiwa wamepungukiwa maji.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Kwa kuwa mdomo umefungwa na maumivu, dawa hupitishwa kwenye mshipa, na iliyo karibu zaidi katika hospitali zetu ni fenitoini, ileile ya kifafa. Dozi inayotumika sana ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtu wa kilo 60 hupata miligramu 600 hadi 900. Huchanganywa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kamwe si dripu ya glukosi, kwa sababu humo huganda chembechembe, na huingizwa kwenye mshipa mkubwa kwa kasi isiyozidi miligramu 50 kwa dakika, taratibu zaidi kwa wazee. Ikikimbizwa hushusha presha na kuvuruga mapigo ya moyo. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono. Kwa hiyo muuguzi asibanduke kitandani, na mwenye hitilafu ya umeme wa moyo asipewe. Palipo na fosifenitoini, ambayo mwilini hugeuka kuwa fenitoini, hiyo haiunguzi mshipa kiasi hicho. Lidokeini, dawa ya ganzi, ikipitishwa mshipani nayo hutumika, lakini pale tu moyo unapofuatiliwa muda wote. Ganzi ya kupaka au kuchoma mahali panapoamsha maumivu inaweza kumpa mgonjwa nafasi ya kunywa uji.

Hatua ya nne: nafuu hiyo ni ya saa kadhaa au siku chache tu, basi itumieni kurudisha vidonge vya karbamazepini, dawa kuu ya maumivu haya. Anayeanza hupewa miligramu 100 hadi 200 mara mbili kwa siku, kisha huongezwa polepole kwa maelekezo ya daktari.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga anauliza kama anaweza kujiongezea karbamazepini siku maumivu yakizidi. Asifanye hivyo bila daktari wake, kwa kuwa ikiongezwa ghafla huleta kizunguzungu, kuyumba na kushuka kwa chumvi ya damu. Vipele vikitokea mwilini, hasa vikiambatana na homa au vidonda mdomoni, awahi hospitali siku hiyohiyo.

Dada wa Mombasa anatumia dawa za VVU na ana kijiti cha uzazi wa mpango. Dada yangu, mwambie daktari yote mawili kabla ya kupewa chochote. Karbamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, mojawapo ya dawa za VVU, na ya kijiti pia, kwa hiyo dawa za VVU zitahitaji kupangwa upya, na kitanzi kitakufaa zaidi.

Mwanachama wa tatu ameng'olewa meno mawili bila nafuu, na sasa ameshauriwa kung'oa la tatu. Ninamsihi asitishe kwanza. Maumivu haya husikika kama ya jino, nami nimeona wengi wakipoteza meno mazima. Amweleze daktari wa meno kwamba yanapiga kama shoti na kukoma, kisha aombe rufaa ya kumwona daktari wa neva.