Kutembea mwambao wa Ziwa Nyasa siku tatu nne bila begi zito mgongoni: panga hivi

Watu wengi wa Mbeya mjini, Matema, ule ufukwe wa Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wanaijua kwa staili moja tu, mnashuka na gari Ijumaa jioni, Jumamosi mnaogelea, samaki wa kuchoma, Jumapili mnapanda zenu kurudi. Sio mbaya hata kidogo. Ila ule mwambao unaoanzia Matema kwenda upande wa Lyulilo na Ikombe, ambako milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja, hauonekani ukiwa umekaa kwenye kiti cha ufukweni, inabidi utembee, na kinachowazuia watu wengi kutembea ni begi. Wanawaza hema, godoro, sufuria, maji, nguo za siku nne, vyote mgongoni kwenye joto la Kyela. Hapana jamani. Huku ziwa lenyewe ndio barabara ya mizigo, wenyeji vyungu vinatoka kwa mtumbwi na mchele unaingia kwa mtumbwi, kwahiyo na begi lako linapanda mtumbwi asubuhi, wewe unabaki na kibegi kidogo na fimbo, jioni mnakutana kijijini. Hiyo ndio siri yote ya safari hii na karibu kila kitu ntakachosema hapa chini kinahusu namna ya kuifanya hiyo hesabu ikae sawa.

Kwanza msimu. Kyela ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi nchini, na masika yake, Machi mpaka Mei, ni mvua ya kweli, mito inajaa na mawe ya njiani yanateleza, usipange muda huo. Juni mpaka Oktoba ndio pazuri. Kuna jambo lingine ambalo waliozoea kutembea fukwe za bahari, za Tanga au Bagamoyo, huwa wanauliza, kwamba maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Ziwa halina hiyo habari ya kujaa na kupwa kila siku, lakini linapanda na kushuka kwa msimu, mwisho wa mvua maji yanakuwa juu na mchanga unakuwa mwembamba, kuelekea Novemba yanakuwa yameshuka, tofauti inaweza kufika kama mita moja hivi. Kwahiyo sehemu ambayo mwenzako alipita mchangani mwezi wa kumi, wewe mwezi wa sita unaweza kukuta ni maji mpaka gotini au mnazungukia juu kwenye mawe. Muulize kiongozi wako kabla hujapanga urefu wa siku. Na kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini ukiamua kuvuma ziwa linachafuka kweli, linakuwa na mawimbi ya kutisha, so weka siku moja ya akiba kwenye ratiba yako. Mtu mwenye ratiba ya kubana ndio anamlazimisha mwenye mtumbwi aingie majini wakati yeye mwenyewe hataki, na mwenye mtumbwi akisema leo hapana, ni hapana, usibishane nae wala usimuongezee hela ili abadili mawazo.

Kufika ni rahisi sikuhizi. Kutoka Mbeya unapita Uyole, Tukuyu, unashuka mpaka Kikusya kabla ya Kyela mjini, hapo unakata kwenda Ipinda mpaka Matema, kipande hicho ni kama kilomita 39 na ni lami. Utahisi masikio yanaziba maana unatoka kwenye ukungu wa Tukuyu na mashamba ya chai unaenda mpaka usawa wa ziwa, kama mita 475 tu juu ya bahari. Sweta utaivua Ipinda. Lala Matema usiku wa kwanza, usianze kutembea siku hiyohiyo, mwili wa mtu wa nyanda za juu unahitaji walau usiku mmoja wa kuzoea lile joto.

Sasa kiongozi. Mtafute kupitia pale unapolala au ofisi ya kijiji, na kama unaweza fika wewe mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji umueleze mko wangapi, mnaelekea wapi, mnalala wapi. Sio urasimu wa bure, ule mwambao barabara hazifiki kila mahali, mtu akivunjika mguu wanaokuja kukubeba ni wanakijiji, sasa wajue upo. Kiongozi mzuri mtamjua kwa maswali yake: anakuuliza umri wa watu wako, kama kuna anayeogopa maji, kama kuna mwenye presha au sukari, mna viatu gani. Yule anayetaja bei kabla ya kukuuliza chochote, mwache. Halafu awe mtu wa hapohapo mwambaoni, mimi hili nalisimamia sana, mtu wa kutoka mjini hata awe na buti nzuri kiasi gani hajui mama gani Ikombe ana chumba cha kulaza wageni na hajui kijito gani kimehama baada ya mvua.

Mzigo wenyewe. Gawanya mara mbili. Kibegi cha mgongoni kisizidi kilo 4 au 5: maji lita 2, kofia, koti jepesi la mvua, dawa zako za kila siku, bandeji na plasta, simu na pawabenki, hela kwenye noti ndogondogo (kijijini noti ya elfu kumi inaweza kukosa chenji na ikawa usumbufu kwa mama muuza ndizi), karanga au maandazi. Dawa zako za lazima usiziweke kwenye mzigo mkubwa hata siku moja, mtumbwi ukichelewa je?

Vingine vyote vinaenda majini. Na hapa usihangaike kutafuta mabegi ya bei mbaya yasiyoingiza maji, nunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, Tukuyu au Kyela mjini zipo dukani, nguo zinaingia, shuka inaingia, neti inaingia, unafunika, unazungushia mpira au kamba. Mtumbwi ukiingiza maji kidogo ndoo haijali, na ikidondoka inaelea. Mkifika kijijini ni ndoo ya kuogea. Mifuko ya plastiki ile ya kubebea bidhaa ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwahiyo usije na hayo ya kufungia nguo. Ndoo moja kwa watu wawili inatosha kabisa kwa siku nne, ukiona haitoshi basi umebeba vitu vya kukaa wiki mbili, rudi upunguze.

Mwenye mtumbwi mkubaliane mambo haya kabla ndoo haijapanda: anaondoka saa ngapi (asubuhi mapema, ziwa likiwa limetulia), anaacha mzigo kwa nani, kwa jina, sio "kijijini tu", na atalipwa lini. Mimi naona nusu mwanzo nusu mzigo ukifika ni haki kwa pande zote. Kama upepo umezuia mtumbwi au kuna kipande mnapandisha mlimani mtahitaji wapagazi, na hapo naomba tuelewane, kusafiri bila mzigo mzito sio kumhamishia mtu mwingine mateso yako. Kilimanjaro kikomo cha mpagazi ni kilo 20, kwa njia ya mawe na joto la huku mimi naweka 15, pima kwa ile mizani ya kuning'iniza mbele yake. Chakula chake kiwe juu yako, maji yake pia, na malipo umpe mkononi mwenyewe siku hiyohiyo.

Safari inaweza kukaa hivi. Siku ya kwanza unatembea mchanga wa Matema mpaka Lyulilo, ni mwendo mfupi, pale kuna soko la vyungu, uliza siku ya gulio ukiwa bado Mbeya upange ifikie siku hiyo. Usielekee upande wa pili, magharibi, kwenye midomo ya mito kama Lufilyo, kule kuna mamba na sio kwa kutembea wala kuoga. Siku ya pili ndio Ikombe, na hii ndio siku yenyewe: mchanga unaisha, unaanza mawe na kanjia kanakopanda na kushuka ubavuni mwa mlima, kushoto ukuta wa milima, kulia maji meupe mpaka unaona samaki wadogo wa rangi rangi kwenye mawe. Ziwa hili linafika kina cha kama mita 700, na ni la pili kwa kina Afrika baada ya Tanganyika. Muanze saa 12 asubuhi, saa 5 jua likianza kuuma muwe mmeshatafuta kivuli. Kwenye mchanga vaa yeboyebo, kwenye mawe badilisha raba, usijaribu mawe na kandambili. Mzee au mtoto aliyechoka anapanda mtumbwi kipande kilichobaki na safari haiharibiki, ndio maana napenda mpango huu, familia nzima inaweza kwenda.

Ikombe kaeni usiku mbili kama muda upo. Kina mama wa Kikisi, kabila la mwambao huu, wanafinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, wanapamba kwa rangi nyekundu, na ndio vyungu unavyoviona kwenye masoko mpaka Mbeya mjini. Ukitaka kuangalia omba, kaa chini, na ununue kitu, usiende pale kupiga picha ukaondoka. Salimia kwanza, "ugonile" ya Kinyakyusa wengi wanaielewa, na "ndaga" ukishukuru. Chakula mkubaliane na mama mwenyeji mapema ili akanunue samaki wavuvi wakirudi: usipa, mbasa, mbufu, na mchele wa Kyela ambao sina haja ya kuusifia. Ukiona mchana kitu kama moshi mweusi umesimama juu ya maji katikati ya ziwa usiogope, ni wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mamilioni, ukielekea upande wenu funikeni chakula tu.

Wanaotaka kuendelea mbele kuelekea Lumbila, upande wa Ludewa, waamue na kiongozi palepale Ikombe kutegemea miguu na upepo. Njia inazidi kuwa ngumu, sio ya watoto.

Afya nasema kwa kifupi ila kwa uzito. Malaria ipo, neti ni lazima hata kama mwenyeji anasema mbu hawapo. Maji ya kunywa yachemshwe. Kichocho kipo ziwani, hatari kubwa ni maji yaliyotulia yenye majani na magugu, ogeleeni kwenye mawe na maji ya wazi, na baada ya wiki kama 6 mpaka 8 nenda kituo cha afya ukapime. Kila anayepanda mtumbwi avae laifu jaketi, wengi wa wenye mitumbwi hawana, kwahiyo azima au kodi kabla hamjaondoka.

Kurudi, siku ya mwisho watu wote na ndoo zote mnapanda boti asubuhi mpaka Matema. Vyungu mlivyonunua vijazeni majani makavu ya migomba ndani na nje, kila kimoja peke yake, na kwenye gari vikae miguuni kwenu, sio juu kwenye keria, maana ile kupanda kwenda Tukuyu ina kona za kutosha.