Somo: Maji ya maharage, yapi umwage na yapi uyaache sufuriani

Habari zenu wapendwa. Wengi wetu tukiona povu tunamwaga maji yote, tunaanza upya, halafu tunatia magadi ili mkaa usiishe. Maharage yanaiva, sikatai. Ila virutubisho vingine vimeshakwenda na maji.

Hatua ya 1. Chambua, osha, loweka usiku kucha. Kikombe kimoja cha maharage kwa vikombe vitatu au vinne vya maji. Kwenye joto la Dar badilisha maji yasije yakachacha. Asubuhi yamwage bila huruma: yamebeba sehemu ya zile sukari zinazojaza gesi tumboni, na sehemu ya faiteti, ambayo hung'ang'ania madini ya chuma na zinki mwili usiyapate.

Hatua ya 2. Maji mapya, moto mkali. Hapa sitanii. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili, na hata punje chache zinaweza kukutapisha. Yatokote kwa nguvu dakika 10 bila kukatika (mimi huacha 30, roho itulie), ndipo upunguze moto. Moto mdogo tangu mwanzo, maji yakawa ya moto tu bila kutokota, sumu haifi.

Hatua ya 3. Maji haya ya pili usiyamwage. Foleti (vitamini ya kundi B) na madini ya potasiamu vimeingia humo. Tia maji ya kiasi, supu ibaki nzito, uungie hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Nyanya zisubiri. Uchachu wake huchelewesha maharage kulainika, kwa hiyo unga yakishaiva. Ukifika mezani kamulia ndimu. Vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage. Chai ya rangi iache kama saa moja hivi, maana inafanya kinyume chake.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Niko Njombe. Bila magadi yangu hayaivi hata saa tatu, nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Huko mko juu, maji yanatokota kabla ya kufika nyuzi 100, ndiyo maana mnakesha jikoni. Sufuria ya presha ndiyo dawa: joto linapita 100, muda unapungua. Kama huna, na maharage ni ya zamani, tia magadi kidogo kwenye maji ya kulowekea, kisha suuza sana kabla ya kubandika. Vitamini B1 huharibika zaidi magadi yakikutana na moto.

Dada, mama mkwe anasema kuloweka kunaondoa ladha. Nimwambieje?

Usibishane naye, mpikie. Rangi ya mchuzi inapungua kidogo, hilo ana haki. Tui zito na kitunguu vitamaliza kesi.

Je, choroko nazo?

Choroko hazina ukorofi, saa chache zinatosha, na hata usipoloweka zinaiva. Ila jaribu hivi: loweka, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu, suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu zimeota. Faiteti imepungua, na vitamini C, ambayo choroko kavu karibu hazina, imeanza kujitengeneza. Zipike kwanza, maana joto na unyevu ule ule huzalisha vijidudu pia.