Kumfuatilia kasa kwa setilaiti, inavyofanyika

Kwanza kibali, bila hicho usimguse kasa. Subiri jike amalize kutaga na kufukia mayai, afu ndo umzuie akirudi majini, maana ukimsumbua kabla anaondoka bila kutaga. Gamba lisugue kwa msasa mpaka uchafu na ukoko wa baharini utoke, futa na asetoni, kausha vizuri, ndo ubandike kifaa cha kurusha mawimbi kwa gundi ya epoksi pale juu karibu na shingo, antena ikiangalia juu. Hapo ndo pa kuvumilia, gundi ikiwa bado mbichi akaingia majini umeliwa. (Kwa kasa wenye gamba gumu hii, kama wa kijani na ng'amba, yule kasa aitwaye noa gamba lake ni kama ngozi, anafungwa tofauti.)

Kifaa kina swichi ya maji chumvi, kinarusha mawimbi akiibuka kuvuta pumzi tu, setilaiti za Argos, mfumo wa kufuatilia vitu kama wanyama, zinadaka na mfumo unakadiria alipo.

Sasa data. Kila pointi, yaani mahali kasa alipokadiriwa kuwa, ina daraja la usahihi, 3 ndo safi, kosa lake chini ya mita 250, halafu 2, 1, 0, A, B, na Z ni ya kutupa. Ukiona kasa yuko juu ya mlima au katembea kilomita 20 kwa saa, futa tu. Zilizobaki unga mstari, utashangaa, kuna kasa wa kijani katoka Chagos mpaka Somalia, karibu kilomita 4,000.