Kuondoa seli kwenye ini la mbuzi na kubakiza mishipa

Ukitaka kutengeneza ini jipya maabara, kabla seli hazijakusumbua, mishipa ya damu itakusumbua. Seli ya ini iliyo mbali na damu kwa zaidi ya takriban milimita 0.2 hukosa oksijeni na kufa. Kwa hiyo hapa Kisumu hatujengi mishipa; tunachukua ini lenye mishipa yake, tunaliosha seli zote zitoke, kinabaki kiunzi cha kolajeni, protini inayoshikilia tishu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walifanya hivyo kwa ini la panya, wakalijaza seli upya.

1. Ini. Kazi iko machinjioni. Mkaguzi wa nyama huchanja ini akitafuta minyoo, na ini lililochanjwa huvuja kama chujio, usilichukue hata la bure. Elewana naye mapema kwamba hili haliliwi. Mchinjaji naye akuachie sentimita 3 za mshipa mnene unaotoka matumboni. Wao hupenda kuukata kwenye nyama kabisa.

2. Damu. Ingiza kanula (mrija mwembamba) kwenye mshipa huo, funga kwa uzi, pitisha maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi yatoke meupe. Ning'iniza chupa sentimita 15 tu juu ya ini. Presha ikizidi, mishipa midogo hupasuka. Pampu ni nzuri, lakini stima ikipotea usiku chupa inaendelea na kazi.

3. Sabuni. Suuza kwanza kwa maji yaliyotoneshwa, kisha SDS, sabuni kali ya maabara, asilimia 0.1, halafu 1. Usiruke huko kusuuza: SDS ikikutana na potasiamu iliyomo kwenye bafa (maji ya chumvi ya maabara) hugeuka chembe nyeupe zinazoziba mishipa. Baridi nayo huigandisha, kwa hiyo wenzetu wa Nakuru wapashe moto chupa zao asubuhi za Julai. Rangi ya kahawia itafifia kuanzia kingoni, ini liwe jeupe, mwanga upenye. La panya huchukua siku 3, la mbuzi zaidi. Malizia na Triton X-100, sabuni nyingine iliyo laini zaidi, kisha suuza kwa wingi, maana SDS iliyobaki itaua seli mpya.

4. Kipimo. Sukuma rangi ya chakula kwenye kanula. Ikigawanyika matawi hadi vijishipa vyembamba, sawa. Ikitanda doa mahali pamoja, mshipa umepasuka, tupa. DNA ya seli za zamani iliyobaki iwe chini ya nanogramu 50 kwa miligramu ya tishu kavu.

5. Seli. Tanguliza zile zinazotandika kuta za mishipa, ndipo ulete seli za ini. Damu ikigusa kolajeni tupu huganda papo hapo, na mishipa yote uliyoitunza itaziba.