Kuulinda na Kuutunza Uwanja wa Wazi Mtaani Malindi

Ploti zikishauzwa zote, kinachomezewa mate ni uwanja. Basi kabla ya kushika jembe shikeni karatasi. Nendeni ofisi ya ardhi na ya mipango ya kaunti, mtake kuona ramani ya mgawanyo iliyoidhinishwa. Uwanja uwe na nambari yake ya ploti, na ijulikane umesajiliwa kwa nani. Kipande cha kijani kwenye brosha ya muuzaji si chochote. Kama ulikabidhiwa kuwa ardhi ya umma, kamati haiwezi kuukodisha hata kwa kibanda cha chipsi. Kama ni mali ya kampuni ya wakazi, gharama zote ni zenu. Kubadilisha matumizi yake kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Kisha pimeni. Tuseme ramani inaonyesha mstatili wa mita 40 kwa 50, yaani mita 2,000 za mraba, kama nusu ekari. Vuta futi kamba kutoka bikoni (jiwe la mpaka) hadi bikoni, halafu pembe kwa pembe: kila mshazari uwe karibu mita 64. Mmoja ukipungua kwa mita mbili, kuna jiwe lililohama, na mara nyingi ni lile lililo karibu na ukuta mpya. Msilirudishe wenyewe, kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa, iteni serveya. Mawe yaliyo salama yapakeni chokaa yaonekane.

Miti ipandwe masika yanapoanza, Aprili. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Ukifika kwenye mwamba wa matumbawe usiridhike na kuukwaruza; uvunje kwa mtaimbo, la sivyo shimo litageuka ndoo, maji yatuame na mizizi ioze. Changanya udongo na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Mwarobaini na mkungu huvumilia upepo wa chumvi. Acha mita 8 hadi 10 kati ya mti na mti. Mvinje hukua upesi, lakini majani yake hutandaza zulia ambalo nyasi hazipenyi, kwa hiyo ukae pembeni. Mnazi usiwe juu ya benchi wala bembea. Kigingi kiwe upande wa kusini, maana kusi ndiyo itakayousukuma mche. Mbuzi wazuieni kwa miiba.

Kaskazi ndiyo inayoua miche. Kuanzia Januari hadi mvua inyeshe, kila mche upate lita 20 mara mbili kwa wiki. Ncha za majani zikikauka kama zimechomwa ilhali udongo umelowa, onjeni maji ya kisima: huenda ni chumvi.

Machi zibueni mitaro. Dimbwi lisikae zaidi ya siku tatu. Likikaa wiki, mnafuga mbu. Shimo la timbo la zamani lijazwe kifusi na udongo, si taka, kwani taka huoza na ardhi ikadidimia. Na moto wa taka chini ya mti huunguza gome; mti hufa polepole, watu wakasingizia mchwa.

Pesa: nyumba 60 kwa shilingi 200 ni 12,000 kwa mwezi. Vibarua na maji vilipwe humo, ila elfu mbili ziwekwe kando kila mwezi za serveya.